Nilifungua boksi, wakakataa kunirudishia hela

Hedifoni nilizoagiza mtandaoni zilifika Jumatano jioni. Nilichana nailoni, nikabandua stika ya duara iliyoziba mdomo wa boksi, nikazivaa palepale mlangoni. Sauti safi kabisa. Tatizo lilikuwa kichwa changu: baada ya nusu saa nilihisi kama nimebanwa na koleo. Nikajipa moyo kwamba zitalegea. Alhamisi na Ijumaa nikaenda nazo kazini. Hazikulegea. Jumamosi asubuhi nikamwandikia muuzaji kwamba nazirudisha.

Jibu lilikuja upesi na lilikuwa la mstari mmoja: bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi.

Nilikaribia kukubali, maana sentensi kama ile ina sauti ya sheria. Baadaye ndipo nikajiuliza: sheria iliyotungwa na nani? Ilikuwa imeandikwa kwenye masharti yao wenyewe, kwa herufi ndogo, chini kabisa.

Mimi na muuzaji wote tuko ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo nilikwenda kusoma sheria ya umoja huo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji. (Vifungu vya mwanzo vinaleta usingizi, ruka uende cha 9.) Aliyenunua kwa mtandao ana siku 14, kuanzia siku aliyopokea mzigo, za kughairi bila kutoa sababu. Dukani ungekishika kitu, ungekigeuza, ungekijaribu. Mtandaoni umeona picha tu, na sheria inajaribu kuliziba pengo hilo. Ndiyo maana ukinunua dukani kwa miguu yako, na kitu hakina kasoro, siku hizo 14 huna. Hapo unategemea hisani ya mwenye duka.

Na utakijaribuje kitu bila kukifungua? Haiwezekani. Kwa hiyo kufungua boksi hakukuondolei haki ya kughairi. Kinachoweza kukugharimu ni kukitumia kupita kiasi cha kukijua: kilivyo, sifa zake, na kama kinafanya kazi. Ukivuka hapo muuzaji anaruhusiwa kukata kiasi cha thamani kilichopotea. Kukata, siyo kukataa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyonipigania hadi mwisho.

Niliandika barua pepe ya pili, nikataja kifungu. Safari hii walibadilisha wimbo: hedifoni hugusa ngozi, muhuri umeondolewa, hazirudishwi kwa sababu za kiafya.

Hapo walinishtua kidogo, kwa sababu kipengele hicho kipo kweli. Bidhaa iliyofungwa kwa muhuri, ambayo kwa afya au usafi haifai kurudi ikishafunguliwa, imetolewa kwenye haki ya kughairi. Ndivyo ilivyo pia kwa diski za muziki, filamu au programu zilizobanduliwa muhuri, na kitu ulichotengenezewa kwa vipimo vyako. Je, hedifoni za kufunika sikio zimo?

Kilichonisaidia ni godoro. Mnunuzi mmoja wa Ujerumani aliagiza godoro mtandaoni mwaka 2014, akaondoa nailoni, kisha akataka kulirudisha. Muuzaji akakataa kwa hoja hiihii ya usafi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 27 Machi 2019 ilisema godoro halimo kwenye kipengele hicho hata kama nailoni imetoka. Mahakama ililifananisha na nguo: nazo hugusa mwili zikijaribiwa, lakini muuzaji anaweza kuzisafisha na kuziuza tena. Kama kitu cha kulalia mwili mzima kinasafishika, nilimwandikia, mito miwili ya masikioni, ya ngozi bandia inayofutika kwa kitambaa, inashindikanaje? Nilimpa na namba ya kesi, C-681/17. Kusema kweli, ningekuwa nimenunua zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, nisingekuwa na ujasiri huo.

Wakanyamaza siku mbili. Kisha wakaja na vocha: nirudishe, wanipe salio la kununulia kitu kingine kwao. Vocha haitoshi. Hela hurudi kwa njia ileile uliyolipia, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali vingine. Sikukubali.

Wakati tunajibizana nilikuwa nahesabu siku. Tamko la kughairi nilikuwa nimelituma siku ya tatu, kwa maandishi, kwa hiyo zile 14 hazikunitisha. Lakini ukishatamka kuna siku nyingine 14 za kutuma mzigo wenyewe, na malumbano hayazisimamishi. Hapa ndipo wengi huteleza: wanasubiri muuzaji akubali kwanza. Mimi nilizifuta hedifoni, nikazirudisha kwenye boksi lake na ile nailoni iliyochanika, nikapiga picha kila upande, nikatuma kwa posta na kutunza risiti. Nauli ya kurudisha nililipa mimi. Walikuwa wamenijulisha mapema kwamba ni juu ya mnunuzi. Wasingenijulisha, ingekuwa juu yao.

Walipozipokea wakaandika kwamba mto wa kushoto una alama, watakata asilimia 10. Nilitaka kubisha. Nilikuwa hata nimeanza kuandika. Nikakumbuka zile siku mbili za kazini, jua kali na jasho. Nusu saa mlangoni ilikuwa kujaribu. Alhamisi na Ijumaa ilikuwa kutumia, na hakuna namna ya kuipindisha. Dukani nani angeniruhusu nitembee nazo siku mbili halafu nirudi? Nikajibu kwamba nakubali.

Hela ziliingia wiki iliyofuata, pungufu. Nilipiga hesabu mara mbili: wamekata asilimia 10 yao, sawa, lakini na gharama ya kuniletea mzigo wameibakiza. Hiyo nayo hurudishwa, kwa kiwango cha usafirishaji wa kawaida. Ukichagua wa haraka, ziada yake ndiyo unayoibeba wewe. Mimi nilichagua wa kawaida. Nikaandika barua ya mwisho, mistari mitatu, bila hasira. Kesho yake wakaitupa kwenye akaunti bila hata salamu.