Siku Moja Maishani Mwangu: Mgawa Karata wa Poka Malindi

Saa tano asubuhi

Kazi yangu ni ya usiku, kwa hiyo siku yangu huanza jua likiwa limeshapanda. Ninagawa karata za poka katika kasino moja hapa Malindi, mji ambao wageni wake wengi, hasa Waitaliano, huja wakati wa kaskazi na kupungua masika yanapokaribia. Jumamosi iliyopita, baada ya chai kwa mahamri na mbaazi, nilifungua daftari ambamo huandika michezo iliyonivutia: nani aliweka dau, la kiasi gani, na baada ya karata ipi. Sura za watu siandiki, kwa kuwa ninaamini kwamba anayehadaa, yaani anayeweka dau kana kwamba ana karata nzuri ilhali hana, ili wenzake wajitoe, hujulikana kwa mwenendo wa madau yake, tangu la kwanza hadi la mwisho, zaidi ya anavyojulikana kwa macho yake.

Saa kumi jioni

Kabla ya milango kufunguliwa huwa tunafanya mazoezi. Kijana tunayemfundisha kazi aliniuliza, “Dada, mtu akihadaa si utamwona usoni?” Nilimweleza habari za Libratus, programu ya kompyuta ya kucheza poka iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambayo mwezi wa Januari 2017 ilicheza michezo 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa huko Pittsburgh, Marekani, ikawashinda kwa chipu (vipande vinavyowakilisha pesa mezani) zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1.7. Programu haina uso wala haisomi uso wa mtu, lakini ilihadaa kwa ustadi uliowashangaza mabingwa. Ilichokuwa nacho ni karata na kiasi cha dau, basi.

Kisha nikampangia mezani karata za fainali ya mwaka 2003 ya mashindano makuu ya World Series of Poker, Las Vegas, walipobaki Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa. Kila mchezaji hushika karata mbili za siri, na mezani hufunguliwa karata tano za wote: kwanza tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, na dau huwekwa kila hatua. Zilifunguliwa 9 ya shupaza, 2 ya uru na 6 ya shupaza, ikafuata 8 ya shupaza, na mwisho 3 ya kopa. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na 7 ya kopa. Shupaza ya tano aliyoihitaji haikuja, mfuatano wa karata tano nao haukutimia, akawa hana hata jozi. Alitia chipu zake zote. Farha, aliyekuwa na jozi ya 9, alitafakari kisha akatupa karata zake, yaani akajitoa. Jambo nililotaka kijana alione ni kwamba Moneymaker alikwisha kupandisha dau pale ilipofunguliwa 8 ya shupaza, karata ileile ambayo ingemkamilishia mtu karata tano za shupaza. Dau lake la mwisho liliendeleza maneno yaliyokwisha kusemwa, na ndiyo maana liliaminika.

Saa tatu usiku

Meza ilijaa mapema, wengi wao wakiwa wageni wa likizo waliokuja kujiburudisha. Hapa sipendi kumwona mtu akihadaa, na sababu ni ya kihesabu. Ukiweka dau la nusu ya fungu la pesa lililo mezani, hadaa yako ni lazima ifaulu mara moja katika kila tatu ili usipate hasara. Ukiweka dau lililo sawa na fungu, ifaulu mara moja katika kila mbili. Sasa chukua wapinzani watatu, kila mmoja wao akiwa tayari kutupa karata mara 6 katika 10: uwezekano wa wote watatu kutupa kwa pamoja ni takriban mara 2 tu katika 10. Aidha, mtu aliyesafiri kutoka mbali ili acheze hatupi karata zake kwa urahisi, anataka kuona. Mchezaji wa namna hiyo huwekewa dau ukiwa na karata nzuri, na ukiwa huna, unapita bila kuweka dau.

Saa tano usiku

Mchezo uliokaa akilini mwangu ulikuwa kati ya mfanyabiashara mmoja wa Watamu na mzee wa Kiitaliano anayeishi hapa kwetu. Mfanyabiashara alipandisha dau kabla ya karata za mezani kufunguliwa, mzee akamfuata, na fungu likafika shilingi 3,000. Nilifungua mfalme wa kopa, 8 ya kopa na 3 ya uru. Mfanyabiashara aliweka 1,500, mzee alilipia, yaani aliweka kiasi hichohicho. Ikaja 3 ya shupaza, na wote wawili wakapita bila kuweka dau. Karata ya mwisho ilikuwa 5 ya pau, isiyomsaidia karibu mtu yeyote, na hapo ndipo mfanyabiashara alipoweka 6,000 kwa mpigo, sawasawa na fungu zima.

Mzee hakumtazama. Aliangalia karata zilizolala mezani, akaanza kuzigusa chipu zake moja moja kwa kidole cha shahada, na nadhani alikuwa akijiuliza maswali ambayo nami nilikuwa nikijiuliza kimoyomoyo, maana mgawa karata haruhusiwi kusema neno mchezo unapoendelea. Kama huyu ana mfalme, kwa nini hakuweka dau kwenye karata ya nne, ilhali kopa mbili zilikuwa wazi na mwenye kusubiri kopa ya tano alipaswa kutozwa? Karata kubwa kabisa zingeweza kunyamaza hivyo ili kutega, lakini ni chache; kopa zilizokosa kutimia ni nyingi. Mzee mwenyewe alishika 8 na 9 za shupaza, bila kopa hata moja, kwa hiyo kopa zilizobaki zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa kwa mwenzake. Alitakiwa kulipa 6,000 ili ashinde 12,000, na hivyo ilimtosha kuwa sahihi mara moja katika kila tatu. Alilipia. Mfanyabiashara akafunua ghulamu na 10, zote za kopa, akashindwa na jozi ya 8 ya mzee.

Nionavyo mimi, nafasi nzuri ya mfanyabiashara ilikuwa kwenye karata ya nne. Hapo kulikuwa bado na kopa 9 kati ya karata 46 asizoziona, karibu nafasi moja katika tano ya kushinda hata kama angelipiwa, na dau lake lingeendeleza madai ya tangu mwanzo. Hadaa yenye njia ya pili ya kushinda ndiyo ninayoiheshimu.

Saa nane usiku

Mama mmoja aliweka dau kubwa mikono ikimtetemeka, na kijana wa kando yake akalipia haraka akidhani ni woga. Kumbe mama alikuwa na wafalme watatu. Mikono inayotetemeka ghafla mara nyingi ni ya mtu aliyepata karata nzito.

Saa kumi alfajiri

Tulipokuwa tukihesabu chipu, kijana wetu aliuliza kama ni vema mtu aionyeshe hadaa yake iliyofaulu. Nilimjibu, “Mdogo wangu, aionyeshe tu ikiwa amekusudia kucheza kwa karata nzuri pekee usiku uliobaki, kwa kuwa tangu hapo watamlipia.”