Nguruwe macho yake hayawaki

Juzi umeme uliporudi yule wangu wa mwisho akanyakua simu, mimi nikajua anatazama katuni, kumbe anatazama Wamarekani wa Texas wanaua nguruwe usiku. Akaniletea nione. Wana darubini ya joto juu ya bunduki, hakuna tochi hakuna nini, mnyama anaonekana mweupe pee kwenye skrini nyeusi, mmoja chini, wa pili chini, na wale jamaa wanacheka tu. Huko wameruhusiwa mpaka kuwapiga kutoka kwenye helikopta, sheria ya 2011, maana nguruwe wao wengi ni uzao wa wale wa kufugwa waliotoroka wakawa pori, na wamezaana hadi balaa. Wetu ni mwingine kabisa, ni wa hapa hapa tangu zamani, ana singa nyeupe mgongoni na masikio yana vishungi nchani. Basi mtoto akauliza, "Baba, nyinyi kule Kigumba mlikuwa na bunduki gani?" Nikamwambia ya Afande. "Na taa?" Nikamtuma maji ya kunywa.

Kwa sababu bunduki ni hadithi fupi, taa ndiyo ndefu.

Ilikuwa Kigumba, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, mjomba kalima mahindi na mihogo kule chini bondeni, na bonde lile lina kichaka ambacho mtu huingii bila panga. Nguruwe wanalala humo mchana, usiku wanatoka. Mahindi hawachumi, wanaangusha bua zima, wanatafuna gunzi nusu, wanahamia jingine, asubuhi unakuta mstari mzima umelala chini na kilicholiwa ni kidogo tu, hicho ndicho kinachouma. Mihogo wanaifukua na pua, udongo unabaki umechimbuliwa ovyo na vipande vimetapakaa. Tulipiga madebe, tukachoma matairi, mbwa wa jirani mmoja akapasuliwa tumbo, mwishowe mjomba akasema sasa ni bunduki.

Lakini bunduki huendi tu kuokota. Nyani, tumbili na nguruwe pori wanahesabiwa wanyama waharibifu, na kazi ya kuwapunguza iko kwa serikali ya wilaya, ina askari wake. Unaandika barua, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, anapiga muhuri, barua inaenda gombolola, ofisi ya tarafa, unangoja. Tukangoja hadi tukasahau, halafu siku moja jioni akashuka mzee na baiskeli, kofia ya barakashia, bunduki imefungwa kwenye gunia. Huyo ndiye Afande, Mnubi wa Bombo, Mwislamu. Mjomba akamtazama ile kofia akaniambia pembeni, huyu kweli atapiga nguruwe? Atapiga, ila hatamgusa. Afande maisha yake yote alikula mshahara wa nguruwe na hakuwahi kula nguruwe, na akiulizwa anasema Mungu ana utani wake.

Ubishi ukaanza hapo hapo kwenye chai. Ghalani kwao kulikuwa na bunduki za aina mbili, ile .303 ya zamani ya Mwingereza na shotigani ya kaliba 12, na Afande kaja na shotigani. Mjomba hakufurahi.

"Afande, hiyo si ya kupigia kanga? Ungetuletea ile .303, ile inatoboa."

"Ile .303 unajua inasimama wapi?"

"Ikimpata nguruwe inasimama."

"Haisimami. Inapita nguruwe, inapita mahindi yako, inavuka barabara ya Gulu, inaingia nyumba ya mtu aliyelala. Na ukimkosa nguruwe ndiyo mbaya zaidi, maana bado ina njaa."

Akatoa katriji akaziweka mezani karibu na sukari. Kulikuwa na zile za marisawa madogo, akasema hizi ndizo za kanga, nguruwe ukimpiga nazo unamkasirisha tu, ngozi yake nene na chini ya ngozi kuna mafuta. Halafu zile za marisawa makubwa, punje tisa kwa katriji moja, hizi zinaua vizuri lakini mwisho hatua thelathini, zaidi ya hapo zinatawanyika. Kulikuwa pia na ile ya risasi moja nzito, hiyo akairudisha mfukoni, akasema ni ya mchana. Hatua thelathini! Mjomba akashika kichwa. Afande akamwambia shamba lako usiku unaona hatua ngapi? Basi ikaishia hapo. Nilisema ni hadithi fupi.

Taa sasa. Mjomba alikuwa na karabai akataka tuitundike mtini katikati ya shamba, Afande akakataa, karabai inamwangaza anayeishika kuliko anayetafutwa, na jicho lako mwenyewe linapofuka. Kulikuwa na tochi ya kawaida ya betri mbili, hiyo ya kwendea chooni. Iliyobaki ni ile aliyokuja nayo yeye, taa ya mbele ya pikipiki ameitoa akaifunga kwenye kipande cha mti, waya unashuka mpaka kwenye betri ndani ya mkoba, na swichi ya kengele ya mlango. Mzito huo mkoba, na nani atabeba? Mimi, nilikuwa ndio nimemaliza S.4, kidato cha nne, na sina kazi. Mbele ya kioo kulikuwa na kavera nyekundu, mfuko wa plastiki, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukivuta kidogo inatoka.

Ile nyekundu mjomba akaipenda sana. Afande alimweleza kwamba nguruwe rangi nyekundu haioni vizuri, unaweza kummulika akaendelea kula. Mjomba akasema basi tumemaliza, tunammulika nyekundu, unampiga nyekundu, tunakula nyama. Na Afande akasema hapana, nyekundu ni ya kungojea, ya kupigia ni nyeupe.

"Sasa si watakimbia?"

"Wakimbie. Mimi nikimulika nyekundu naona kitu cheusi. Kitu cheusi si nguruwe. Kitu cheusi ni kitu cheusi."

Kisha akanigeukia mimi kwa sababu taa ni yangu. "Kijana, ng'ombe ukimmulika macho yanafanya nini?" Yanawaka. "Mbuzi?" Yanawaka. Mbwa, paka, paa, wote yanawaka, kijani, manjano, wana kitu nyuma ya jicho kinarudisha mwanga. "Nguruwe hana. Macho yake hayawaki. Ukiona macho yanawaka mahindini hilo si letu, ni ndama wa mtu au mbwa, zima taa. Na unajua nani mwingine hayawaki?"

Sijui, Afande.

"Wewe."

Akanywa chai yake. Mjomba hakucheka.

Mengine nitayapitisha haraka. Usijipake mafuta ya kunukia, usivute sigara, kaa upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako, maana nguruwe jicho lake dogo lakini pua yake ni kitu kingine. Mwenyekiti wa LC akaambiwa, kituo cha polisi kikaambiwa, wanajeshi wakaambiwa, kwa sababu miaka ile mlio mmoja wa bunduki usiku unaweza kuamsha trading center nzima ikakimbilia porini na magodoro. Vita ya kaskazini haikuwa mbali, ukivuka daraja la Karuma tu, na watu waliokimbia vita kutoka Acholi walikuwa wamejaa Bweyale na vijiji vyote mpaka kwetu, wengine wana vipande vya shamba vya kukodi, wengine hawana hata hicho.

Tukakaa kwenye kichuguu. Mbu. Mwezi hakuna. Mjomba akasinzia, Afande hakusinzia, alikuwa anahesabu tasbihi yake kwa kidole gumba na bunduki imevunjwa katikati, yaani wazi pale zinapoingia katriji, iko mapajani. Saa nane hivi nikasikia bua la hindi, pwaa. Halafu kimya. Halafu mabua mawili kwa pamoja na ule mguno wao wa chini chini, na harufu ikaja, nzito, ya jasho na matope. Afande akafunga bunduki polepole sana akiwa ameizibia kwa koti ili isilie. Akanigusa goti. Nikawasha nyekundu.

Niliwaona kweli. Migongo, minne au mitano, inapanda na kushuka kwenye mahindi, na ule mstari mweupe wa singa, kwa mwanga ule ulikuwa kama pinki chafu. Walikuwa mbali, Afande alitikisa kichwa, bado. Wakawa wanakuja. Mjomba kaamka, nasikia pumzi yake shingoni. Halafu pembeni kushoto, kwenye mihogo, karibu kuliko wote, hatua kama ishirini, kukawa na mmoja peke yake. Mkubwa. Ameinama, mgongo umepanda juu, na juu ya mgongo kuna weupe. Anachimba. Udongo unasikika unavyokatika. Nikampelekea taa usoni, macho hayakuwaka.

"Huyo huyo," mjomba akanong'ona. "Piga."

Afande bunduki ilikuwa begani tayari. Kidole chake nilikiona, kimenyooka pembeni ya chuma, hakijaingia kwenye kifyatulio, na mpaka leo nikikumbuka usiku ule nakumbuka kile kidole, kucha yake ina hina nusu imeisha. Akasema bila kunitazama, "Toa kavera."

Mjomba akasema Afande utawafukuza wote. Akasema tena, "Kijana. Kavera."

Nikavuta mpira. Mwanga mweupe ukatoka wote kwa mara moja, na mahindini kukavurugika, mabua yanavunjika, wanakwenda bondeni kwa mlio ambao sijawahi kuusikia tena, na yule wa kwenye mihogo hakukimbia. Alinyooka. Alikuwa mwanamke, na weupe wa mgongoni ni shuka, na ndani ya shuka kuna mtoto amelala kichwa kimeangukia upande. Jembe liko mkononi limekatwa mpini. Miguuni gunia. Akaweka mkono mbele ya macho, akasema, "Ni mimi."

Mjomba akapiga kelele, wewe nani?

"Ni mimi," akarudia, sauti ya chini, mtu anayebisha hodi kwa ndugu.

Hatukuwa tunamjua. Kiswahili chake nadhani kiliishia hapo hapo. Afande akavunja bunduki, akatoa katriji zote mbili, akazitia mfukoni, ndipo akashusha pumzi na mimi nikagundua kumbe na mimi nilikuwa nimezuia yangu. Mjomba alitaka tumpeleke kwa mwenyekiti usiku ule ule. Afande akasema yeye kaletwa kwa ajili ya nguruwe, mihogo si kazi yake, na akaniambia nielekeze taa chini ili yule mama aone njia. Akaondoka na gunia. Hakukimbia, mtoto hakuamka.

Nguruwe hawakurudi usiku ule, walirudi wiki iliyofuata Afande akiwa keshaitwa kijiji kingine, wakamaliza mahindi yaliyobaki. Mjomba hilo hajawahi kulisamehe. Mpaka leo ana zaidi ya miaka sabini na bado anasema ile taa nyeupe ilitugharimu nyama na mavuno, na ukimwambia lakini mjomba yule mama, anasema ndiyo, yule mama, lakini angetulia kwanza na nyekundu dakika tano zaidi si angeona tu? Labda angeona. Mimi nilikuwa na taa mkononi na sikuona. Wajukuu anawasimulia kwa kicheko, siku nguruwe aliposema ni mimi, na watoto wanacheka kweli, mimi huwa natafuta kitu cha kufanya nje.

Kuna jambo jingine tulilinyamazia. Kesho yake nilizunguka ile mihogo. Nguruwe anavyochimba unajua, nilishasema, ni fujo. Sasa kulikuwa na mistari kadhaa ya zamani, si ya usiku ule, imechimbwa safi, shina limerudishiwa udongo, hakuna kipande kilichobaki. Tuliihesabu yote kwenye barua ya nguruwe. Nilimwonyesha Afande, akasema hata yeye aliiona jioni ile ile aliposhuka, ndiyo maana.

Sikumuuliza ndiyo maana nini.

Asubuhi nilimsindikiza gombolola nimembebea ule mkoba. Katriji zao zinaandikwa daftarini, umechukua ngapi umerudisha ngapi, na kila ganda tupu lazima lirudi. Afande akazipanga mezani zote, nzima. Karani akazihesabu, akahesabu tena, akamtazama.

"Mzee, usiku kucha, sasa umefanya nini?"

"Nimewasha taa," Afande akasema, na akaomba betri yake ichajiwe.