Mashine ya TENS na uchungu wa mgongo

Mashine hii ya TENS, ya kupunguza makali ya uchungu wa kuzaa kwa umeme mdogo, alinitumia dada yangu aliye Uingereza. Kimashine kama simu ya kitochi, nyaya, na vibandiko vinne: viwili mgongoni usawa wa sidiria, viwili chini karibu na makalio. Uchungu ukianza kupanda nabonyeza kitufe, mgongo unachezacheza, ukishuka napunguza. Joto letu la Ujiji nalo! Jasho lilibandua vibandiko, shangazi akawa anavikandamiza huku akisema, "Umeme na mimba wapi na wapi?" Inaaminika mshtuko ule mdogo huzuia taarifa ya maumivu isifike ubongoni. Maumivu hayaishi, tusidanganyane, ila nilitembea barazani na salamu nikaitikia. Usioge nayo, wala usiitumie kabla ya wiki 37 bila kumuuliza mkunga. Wakati wa kusukuma niliivua, ilishaanza kunikera.