Vita Vilipita Vibanjani

Mjomba wangu alikwenda vitani kama mgambo, akafika mpaka Masaka kule Uganda, akarudi salama. Lakini kila inapofika tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hawashi redio. Ukimuuliza anakujibu kwamba gwaride halina ng'ombe. Miaka yote nilichukulia ni utani wa wazee wa Missenyi, ambao hawaishi mafumbo. Leo nimetoka Kaboya, na jibu lake limenikaa kichwani njia nzima.

Kaboya iko wilaya ya Muleba, mkoani kwetu Kagera, na ndiko walikozikwa mamia ya askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera. Makaburi yamepangwa safu kwa safu, kijeshi. Sina la kulalamika kuhusu Kaboya. Ni mahali panapostahili, na ningependa kila mwanafunzi wa mkoa huu afikishwe pale walau mara moja. Kinachonisumbua ni kwamba tukishatoka hapo tunaona tumemaliza kukumbuka.

Vita hivyo vilianzia kwenye mashamba ya watu. Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yaliingia kupitia Mutukula, mpakani na Uganda, na mwezi ulipokwisha ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ilikuwa mikononi mwao, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Amin akatangaza kwamba sasa hiyo ni Uganda. Tarehe 3 Novemba wakalipua daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Kwa mkuu wa majeshi, daraja ni njia ya vifaru. Kwa bibi yangu, ambaye alikuwa ameshavuka siku chache kabla akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, lilikuwa ndilo lililomtenganisha na mumewe aliyebaki nyuma kufungua mifugo.

Babu alivuka baadaye kwa mtumbwi, usiku, bila ng'ombe hata mmoja. Ng'ombe wa eneo lile waliswagwa kwa maelfu kwenda Uganda, nyumba zikang'olewa mabati, kiwanda cha sukari kikaporwa. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa katika wiki hizo chache. Nimejaribu kuiweka idadi hiyo kando ya Kaboya na kuipa sura, nikashindwa. Hakuna safu za kutembea katikati yake. Wengine walizikwa na jirani migombani, harakaharaka, na wengine walikutwa tu watu waliporudi.

Mwalimu Nyerere alipozungumza na taifa Novemba ile, akasema uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunayo, nchi nzima ilimwelewa. Sijui hotuba nyingine ya Kiswahili ambayo hata watoto waliozaliwa baadaye wanaikariri hivyo. Ila uwezo ule haukuwa umelala ghalani ukisubiri. Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000, na baada ya miezi michache likapita 150,000, kwa kujaza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula. Dereva aliyezoea kupeleka kahawa mnadani akajikuta anapeleka risasi. Huyo haimbiwi popote.

Mgambo nao hatuwasemi vizuri. Tunawatia wote kwenye neno "wapiganaji wetu" na kupita. Kule Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mgambo wasiowahi kuona vita, ilikutana na vifaru na Walibya waliotumwa kumsaidia Amin, ikatawanyika usiku. Asubuhi yake brigedi ya 208 ikazunguka kutoka nyuma na mambo yakageuka. Mimi sioni aibu katika kutawanyika kule. Mtu aliyekuwa analima miezi minne nyuma, akakimbia usiku, kisha akarudi kwenye safu na kutembea kwa miguu mpaka Kampala, ambayo ilianguka Aprili 11, huyo ana hadithi nzuri kuliko ya shujaa asiyeogopa. Mjomba anaisema kwa kifupi zaidi: viatu viliisha kabla ya vita.

(Walibya hao hao walituma ndege Mwanza mwishoni mwa Machi kulipua hifadhi ya mafuta. Mabomu yakakosa yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala kadhaa. Kila nikilisimulia hili watu hucheka, na mimi hucheka nao.)

Amani iliporudi, mkoa wetu uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Ni heshima, sikatai. Lakini tulipewa heshima kama uwanja wa mapigano, si kama watu waliotoa kitu. Watu wa kusini ya mto waliowapokea wakimbizi, wakagawana nao ndizi na mikeka kwa miezi, walihesabiwa kuwa wamefanya ujirani tu. Bibi alikaa Muleba kwa watu wasio ndugu zake kabisa. Aliporudi alikuta kibanja, yaani shamba lake la migomba, kimevamiwa na majani na shimo la bomu limejaa maji. Mwalimu akaomba nchi ifunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikaendelea kufungwa muda mrefu baada ya hapo. Bibi hakuwa na mkanda wala cha kufungia.

Magofu ya kanisa la Kyaka bado yamesimama, na nafurahi hayakubomolewa ili kujengwa kitu kizuri zaidi. Pale angalau unaona kuwa vita vilipiga mahali watu waliposali.

Jioni nilimpigia mjomba nikamwambia nataka tuandike majina ya watu wa kijiji chetu waliokufa mwaka ule, raia, mmoja mmoja, na idadi ya ng'ombe kila kaya iliyopoteza. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama daftari nitakalotumia lina kurasa za kutosha. Nikamwambia ni la kaunta, kubwa. Akasema basi nije Jumamosi, tutaanzia kwa majirani wa upande wa mtoni, maana hao ndio anaowakumbuka kwa majina ya baba zao.