Mama Aliniuliza Kama Ndege Ni Mpya

Jana jioni nilirudi Nairobi kutoka Mombasa, safari ambayo huifanya karibu kila wiki kwa sababu ya kazi. Kando yangu aliketi mama wa makamo ambaye, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alikaza mkanda na kuniuliza, "Mwanangu, ndege hii ni mpya?" Nikamjibu kwamba ni mpya, asiwe na wasiwasi. Tulipokaribia kutua mvua ilikuwa kubwa. Magurudumu yalikwisha kushushwa na taa za chini zilikuwa zimeanza kuonekana, mara injini zikanguruma, pua ikainuka, tukarudi mawinguni. Mama alinishika mkono. Nyuma yetu abiria mmoja alisema kwa sauti kwamba rubani hajui kazi. Baada ya robo saa hivi tulitua salama, lakini jibu nililompa yule mama limeninyima usingizi.

Sisi tunaosafiri mara kwa mara tumezoea kuulizana umri wa ndege, kana kwamba upya wake ndio usalama wenyewe. Misiba yetu haikubaliani na mazoea hayo. Ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, nchini Cameroon, tarehe 5 Mei 2007, ikaua watu wote 114 waliokuwamo, ilikuwa Boeing 737-800 isiyotimiza hata mwaka mmoja kazini. Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikija Nairobi, wakafa watu 157 wakiwemo Wakenya 32, ilikuwa na takriban miezi minne tu.

Habari ya Douala hunirudia kila ninaporuka usiku. Ndege ilipaa saa sita na dakika kadhaa za usiku, katika giza na hali mbaya ya hewa. Kwa mujibu wa ripoti ya wachunguzi wa Cameroon, ndege ilianza kulalia upande wa kulia polepole huku kapteni akidhani kwamba mtambo wa kujiendesha umewashwa, na hapakuwa na aliyekuwa akifuatilia vipimo. Mgeuko wa taratibu namna hiyo, pasipo taa wala upeo wa macho, mwili wa binadamu hauuhisi. Ndiyo maana rubani hufundishwa kuviamini vipimo kuliko hisia zake. Tahadhari ilipolia hawakuweza kuirudisha ndege sawa, ikaangukia kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita zisizofika 6 kutoka uwanjani.

Ripoti hiyo ilitaja pia udhaifu wa ushirikiano kati ya marubani wawili, na hapo ndipo ninapokaa na kufikiri kwa muda mrefu. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya kazi yake. Ni malezi mema nyumbani, lakini ndani ya chumba cha marubani yanaweza kuua, na hayaondoki kwa mhadhara wa siku moja. Rubani msaidizi anapaswa kuzoezwa tena na tena kusema "kapteni, tunalala kulia", na kapteni naye azoezwe kulipokea neno hilo bila kuona kwamba amevunjiwa heshima.

Kwa ajali ya 2019, wengi walikimbilia kutaja kwamba rubani msaidizi alikuwa na saa 361 tu za kuruka. Naona hawakumtendea haki. Kapteni wake alikuwa na zaidi ya saa 8,000, nazo hazikuwaokoa, kwa kuwa programu iliyokuwa ikisukuma pua chini ilitegemea taarifa za kihisi (kifaa cha kupima) kimoja, na marubani wa ndege za aina hiyo walianza kuelezwa kwamba programu hiyo ipo baada ya ajali ya MAX nyingine, ya shirika la Lion Air la Indonesia, ya Oktoba 2018 iliyoua watu 189. Waliotoka kwenye 737 za awali walihamia MAX kwa masomo mafupi ya kompyuta, bila kuingia kwenye simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urukaji wa ndege. Mazoezi ya simuleta yaliwekwa kuwa sharti Marekani iliporuhusu ndege hizo kurudi angani mwezi Novemba 2020, watu 346 wakiwa wamekwisha kufa. Nikiandika sentensi hii mkono unakuwa mzito.

Kanuni za kimataifa zinataka umahiri wa rubani upimwe mara mbili kwa mwaka. Hilo hunifariji, ila ningependa kujua kinachozoezwa humo.

Kuacha kutua na kupanda tena, kama tulivyofanya jana, ni sehemu ya mafunzo hayo. Marubani hufundishwa kwamba mteremko usipokuwa thabiti hauokolewi kwa kulazimisha. Huachwa, ukaanzwa upya. Manung'uniko yetu nyuma yao, na hasira zetu kwa dakika 15 zilizopotea, yanamfunza rubani kinyume cha hayo. Laiti ningalimweleza mama hivyo wakati mkono wake ulipokuwa juu ya wangu, badala ya kumwambia habari za upya wa ndege.

Asubuhi ya leo nimeliandikia barua shirika ninalosafiri nalo. Sikuuliza umri wa ndege zao. Nimeuliza mara ya mwisho marubani wao walizoezwa lini kuacha kutua, na kama rubani msaidizi anaruhusiwa kulitamka neno hilo la kupanda tena, na kapteni akatii.