Damu yangu na kirusi cha mafua

Hii ilikuwa 2021 nikiwa nasoma masta, tulikuwa tunajifunza kupima kingamwili (protini za mwili zinazonasa vijidudu) dhidi ya Ad5, yaani adenovirusi aina ya 5, kirusi cha mafua tu cha kawaida ambacho wanasayansi wanakinyofoa jeni ya kuzaliana halafu wanakipakia jeni ya ugonjwa mwingine kiwe kibebeo cha chanjo. Sampuli zikapungua, dokta akasema anayetaka atoe damu yake, mi huyo mbele maana mafua yenyewe hata sikumbuki yalinishika lini.

Kipimo ni simpo. Unachanganya seramu, yale maji ya damu yenye kingamwili, na kirusi chenye jeni ya kung'aa kijani, unamwagia kwenye seli, ukirudi unachungulia kwa hadubini, seli ikiwaka ujue kirusi kimepenya. Vishimo vya sahani ya maabara visivyo na seramu vikawaka kijani vizuri kabisa, vyangu giza, tukazimua seramu tena na tena bado giza, wenzangu wanacheka et we chanjo haikufikii.

Nikasema si ndo vizuri sasa, kinga yangu kali! Dokta akatikisa kichwa, akaniambia hizo kingamwili zako zinamkamata tarishi getini barua ikiwa bado mkononi, zinanata kwenye ganda la kirusi hasa protini ya heksoni, jeni haifiki ndani ya seli kwa hiyo mwili unajifunza kidogo sana. Afu akatupa kisa cha STEP, jaribio la chanjo ya VVU ya Merck iliyobebwa na Ad5, lilisimamishwa Septemba 2007. Chanjo haikukinga, na kibaya zaidi wanaume wasiotahiriwa waliokuwa tayari na kingamwili za Ad5 waliambukizwa zaidi kwenye kundi la waliochanjwa, japo chanjo yenyewe haiwezi kumpa mtu VVU. Mi hapo majigambo yote yaliisha, nikawa nasikiliza tu.

Baadaye tukarudia kwa kirusi cha sokwe, jamii ile ile Oxford waliyotumia kwenye chanjo ya korona, na safari hii seli zangu zikawaka kama za wengine, binadamu wengi hatujawahi kukutana nacho. Ila ukishachanjwa nacho mwili unaanza kukijua pia, ndo maana Sputnik V, chanjo ya korona ya Warusi, walibadilisha kibebeo, dozi ya kwanza Ad26 (adenovirusi aina ya 26) ya pili Ad5. Nikamuuliza dokta, sasa mtu kama mimi hiyo ya pili ingenifanyia nini? Akacheka, akasema hiyo ndo proposo yako ya utafiti, kaandike.