Nilivyowahesabu abiria wa mchomoko

Januari 20, 2025 Rais Samia alipotangaza kwamba Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, imethibitishwa Biharamulo mkoani Kagera, sisi majirani wa Kakonko, mkoa wa Kigoma, hatukuhitaji kuonyeshwa ramani. Nyakanazi iko wilaya hiyohiyo ya Biharamulo, na ndiyo njia yetu ya biashara, ya wagonjwa na ya misiba. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Siku zote kazi yangu ni wajawazito, watoto wachanga na vyandarua.

Siku chache baadaye tabibu wa zahanati akanipigia usiku. Mzee mmoja ametoka msibani upande ule, ana homa kali, anatapika na kuharisha. Ametengwa, sampuli imechukuliwa. "Wewe anza kuorodhesha watu. Majibu yatakukuta njiani."

Kijijini wote waliniuliza habari za popo. Ni kweli, popo wala matunda wanaoishi mapangoni ndio wanaovitunza virusi hivi, lakini mzee wetu hakuingia pango lolote. Kilichonitia hofu ni ule msiba. Marburg hupita kwenye damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, na maiti bado inaambukiza. Anayeosha na kuvisha ndiye anayeondoka nayo.

Kwenye semina tulifundishwa kwamba mtu haambukizi kabla dalili hazijaanza. Kwa hiyo orodha inaanzia siku ya homa, na kila aliyegusana na mgonjwa anafuatiliwa siku 21 tangu walipogusana mara ya mwisho. Ukikosea siku ya kuanza, umekosea orodha nzima.

Mzee alisema homa ilianza Jumapili, na alikuwa amefika nyumbani Ijumaa. Nikaandika mke, watoto wawili, kijana wa bodaboda aliyempeleka zahanati, na jirani aliyemshika mkono kwenye ngazi. Watano. Nilifurahi, nikadhani saa sita nitakuwa nimemaliza.

Nikiwa naondoka mke wake akanifuata hadi nyuma ya jiko. "Mwanangu, Ijumaa alishuka garini kajifunga koti hadi shingoni, na jua lile la saa nane." Nikarudi zahanati kumuuliza mzee kutoka mlangoni, bila kumshika mkono. Kwa sisi Waha, tuliozoea kusalimiana kwa kushikana hadi mabegani, hilo ni karibu na tusi. Akakubali: baridi ilimshika wakiwa bado Nyakanazi, na njiani alitapika kwenye mfuko.

Hivyo mchomoko wote, ile gari ndogo ya abiria aliyokuja nayo mzee kutoka Nyakanazi, ukaingia kwenye daftari langu.

Dereva nilimpata stendi. Nikamuuliza Ijumaa alibeba watu wangapi. "Wanne, kaka. Gari ni la watu wanne." Alisema haraka mno. Mchomoko wa watu wanne sijawahi kuuona, na yeye alidhani nimetumwa na trafiki. Nikamnunulia chai, tukaongea habari za barabara na bei ya mafuta. Kisha nikamuuliza kama Ijumaa ilimlipa. "Ilinilipa! Safari moja tu elfu 45." Nauli siku ile ilikuwa elfu tano. Nikanyamaza, naye akanyamaza, kisha akacheka mwenyewe akifunika uso.

Tangu pale ikawa rahisi. Dereva hajui majina, lakini anajua nani alishukia wapi na mzigo gani. Mwenye magunia mawili ya maharage. Fundi mwenye msumeno. Kijana aliyegombea chenji. Tisa waliolipa, ukimtoa mzee wanabaki wanane. Nilikuwa nimeshafunga daftari aliponiita: "Na mtoto je? Wa kupakatwa halipi." Mtoto huyo ndiye aliyekaa karibu zaidi na ule mfuko.

Wengine niliwapata kwa wenyeviti wa vitongoji na kwa wapiga debe. Fundi alinisumbua, alikana kabisa kwamba alikuwepo. Ukimuuliza mtu "uligusana na nani?" atakwambia hakuna. Nikamuuliza nani alimsaidia kufunga msumeno juu ya gari, akamtaja mzee papo hapo. Baadaye nikaelewa alichokuwa anaficha: Ijumaa ile nyumbani kwake walijua yuko Kibondo. Hilo halikuingia kwenye fomu, wala halikuhusu homa.

Asubuhi na jioni nilizunguka na kipimajoto kile cha kuelekeza kwenye paji la uso bila kumgusa mtu. Mama wa yule mtoto aliniomba nisije nimevaa fulana ya kazi, majirani wameanza kuacha kuchota maji naye. Nikavaa shati la kanisani, kipimajoto nikakificha kwenye kikapu cha ndizi.

Majibu yalikuja siku ya tatu: si Marburg. Mzee alikuwa na malaria kali. Kule Kagera wenzangu walikuwa na watu 281 wa kufuatilia, na ugonjwa haukutangazwa kuisha hadi Machi 13. Mimi wangu kumi na tano, ukimhesabu na dereva, niliwapitia mmoja mmoja kuwaambia wako huru, maana simu ya kusema "umepona" kwa mtu ambaye hakuugua inaleta maswali mengine.

Dereva bado yuko stendi. Kila nikipanda gari lake anawaambia abiria wajibane vizuri, mwenye kuhesabu kaingia, na nauli yangu anaidai ya kwanza.